Jirani wa Mtandao, Chuja Kwanza

Jamani, kuna mchezo mmoja wa watu wa kompyuta ambao mimi naona ni darasa tosha. Unaitwa dn42. Ni mtandao wa watu wanaojifunza na kujifurahisha, waliotawanyika nchi mbalimbali. Umejengwa juu ya intaneti ya kawaida: watu wawili wanaunganisha mashine zao kwa njia ya siri, mara nyingi kwa WireGuard, kisha wanapashana habari za njia za kufikia anwani zao kwa BGP. Hiyo ni itifaki ileile wanayotumia makampuni makubwa ya simu.

Kuingia ni bure. Unaandikisha namba ya mtandao wako, ambayo kwa kawaida huanza na 424242, unachukua anwani chache ndani ya 172.20.0.0/14, unaweka programu kama BIRD, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles kule Prague, halafu unatafuta jirani.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Anayeanza hushawishika kuandika "import all; export all;" kwenye faili la BIRD. Maana yake pokea yote, tangaza yote. Njia zinaonekana, anashangilia. Mimi nasema huo si ujirani. Ni kuacha mlango wazi na kubeba mzigo wa kila mpita njia bila kuuliza una nini ndani.

Mnakumbuka Februari 2008? Serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatangaza njia ya uongo ya anwani za YouTube, nayo ikavuja nje ya mipaka. PCCW ya Hong Kong, iliyokuwa ikiwabebea mawasiliano, ikaipokea bila kuichuja, ikaisambaza. Kwa takriban saa 2 YouTube haikupatikana sehemu kubwa ya dunia. Aliyetangaza alikosea, sikatai. Lakini aliyepokea ndiye angeweza kuyazuia yote hayo kwa mistari michache.

Mistari hiyo ndiyo ya kuandika kabla ya kumtafuta jirani. Pokea anwani za dn42 tu. Kataa jirani anayekutangazia anwani zako mwenyewe. Linganisha kila njia na orodha ya ROA, inayoonyesha namba ipi ina haki ya kutangaza anwani zipi. Na usitangaze njia za nyumbani kwako wala za ofisini.

Najua wapo watakaosema, "Aah, si mchezo tu!" Ndiyo, ni mchezo, na ndiyo uzuri wake: ukivuruga huku, hakuna benki inayosimama. Lakini kijana huyu ndiye kesho atakabidhiwa ruta ya kampuni, pengine iliyounganishwa KIXP pale Nairobi, na ataandika kile mkono wake ulichozoea. Samaki mkunje angali mbichi.

Au wenzangu mnasemaje?