Kwanza Salamu, Kisha Bei

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wanafunzi wa zamani mliotawanyika kila mahali, nawasalimu kutoka Kalerwe. Wengi wenu mmeniuliza habari za Kampala: nauli ni kiasi gani, chumba hupangwa kwa bei gani, chakula ni ghali au ni rahisi. Hata mmoja hajaniuliza watu wa huku husalimiana namna gani. Ndiyo sababu nimeona yafaa nitoe maoni yangu katika kurasa hizi za Kiswahili. Maoni yangu ni haya: mtu yeyote wa kwetu ajaye Kampala, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au mpita njia tu, yampasa kujifunza salamu za Kiganda kabla ya kujifunza neno jingine lolote. Na yule apendaye Kiswahili kienee Uganda, yampasa zaidi kuliko wengine wote.

Kwa wale wasiopajua, Kalerwe iko upande wa kaskazini wa Kampala, kando ya barabara iendayo Gayaza, karibu na Bwaise, wala si mbali na kilima cha Makerere. Nimepanga chumba huku kwa sababu hiyo ya ukaribu. Hapa pana soko kubwa la vyakula. Malori huingia na mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, maharagwe na kabichi, na wachuuzi wa mitaa mingine huja kununua ili wakauze kwao. Mahali penyewe ni bondeni, na mvua ikinyesha sana maji hujaa njiani. Watu wamesongamana, bodaboda zinapenya katikati yao, na kila mtu ana haraka. Mgeni angedhani kwamba mahali kama hapa salamu zimekwisha kufa. La, hazikufa hata kidogo.

Mwaka jana alinitembelea kijana mmoja wa kwetu, mtu mwema na msomi. Tulikwenda sokoni pamoja. Akasimama mbele ya mama mmoja auzaye nyanya, akasema kwa sauti, “Nyanya bei gani?” Yule mama akataja bei, akageuza uso, akaendelea kupanga mafungu yake. Mara akaja kijana mwingine, mpagazi wa sokoni, naye si Mganda bali ni mtu wa kaskazini. Akainama kidogo, akasema, “Mwasuze mutya, nnyabo?” Mama akainua kichwa, wakaulizana hali, wakacheka, ndipo yule kijana alipouliza bei. Rafiki yangu aliponiona natazama, akasema, “Kumbe salamu hupunguza bei!” Nikamwambia kwamba bei ilikuwa ile ile. Yule mpagazi alilipa sawasawa na yeye, lakini yeye alisahauliwa kabla hata ya kuondoka, na yule mwenzake atakumbukwa kesho.

Sasa niwaeleze salamu zenyewe, kwa maana si nyingi. Asubuhi, mpaka karibu na saa sita mchana, mtu mmoja huambiwa, “Wasuze otya?” yaani, umelalaje? Wakiwa wengi, au akiwa ni mtu mmoja wa kuheshimiwa, huambiwa, “Mwasuze mutya?” Baada ya hapo mpaka jioni, mtu husema, “Osiibye otya?” yaani, umeshindaje? Na kwa heshima, “Musiibye mutya?” Jibu la zote mbili laweza kuwa, “Bulungi,” yaani, vizuri, kisha nawe uulize. Mwanamume huitwa ssebo, mwanamke huitwa nnyabo, na maneno hayo mawili yasikosekane, maana salamu isiyo nayo ni kama chakula kisicho na chumvi. Usiku mkiagana, mwambie mwenzako, “Sula bulungi,” lala vizuri. Kuaga kwa kawaida ni, “Weeraba,” na asante ni, “Webale.”

Zipo nyingine mbili ambazo mimi nazipenda kuliko zote. Ukimkuta mtu kazini, hata kama humjui, hata kama anazibua mfereji au anashusha gunia, wamwambia, “Gyebale ko, ssebo.” Maana yake ni kumshukuru kwa kazi anayoifanya. Angalieni tofauti: sisi humwambia mtu, “Pole na kazi,” tukimwonea huruma, Waganda humshukuru, ingawa kazi ile si yako na hukumtuma. Na mtu akirudi kutoka safari huambiwa, “Kulikayo,” naye hujibu, “Awo.” Mwenye kuyajua hayo mawili hawezi kupita Kalerwe toka mwanzo hata mwisho bila kupata jibu la mtu.

Kuna jambo moja la kuangalia, nalo ni urefu wa sauti. Katika Kiganda, irabu fupi na irabu ndefu ni vitu viwili mbali. Okusiiba, kwa irabu ndefu, ni kushinda mchana kutwa, na pia ni kufunga kula, kama wafanyavyo Waislamu mwezi wa Ramadhani. Okusiba, kwa irabu fupi, ni kufunga kwa kamba au kumtia mtu kifungoni. Vivyo hivyo, sula ni lala, lakini suula ni tupa. Kwa hiyo mtu akivuta pasipovutwa, badala ya kumtakia mwenzake usingizi mwema atakuwa amemwambia atupe vizuri! Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini mjikwaaji wa salamu husamehewa upesi, na akisema, “Njiga Luganda,” yaani, najifunza Kiganda, atasaidiwa na soko zima. Hata neno hilo la kujifunza, okuyiga, lafanana na kuiga kwetu.

Wala tusiogope kwamba lugha hii ni ngeni kabisa. Omuntu ni mtu, ennyama ni nyama, ennyumba ni nyumba, amazzi ni maji. Katika soko la Kalerwe utakuta muwogo, nawe utajua ni muhogo. Utakuta ennyaanya, nawe hutahitaji mkalimani. Saa zao huhesabiwa kama zetu, saa moja ikiwa ni ya kuchomoza jua. Maneno kama ekitabo na essaawa yaliingia katika Kiganda kwa njia ya wageni wa pwani. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suuna, na Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyemfuata Suuna, alikijua Kiswahili yeye mwenyewe. Wakati ule lugha yetu iliingia Buganda kama mgeni, ikapokewa kama mgeni.

Lakini baadaye iliingia kwa mlango mwingine, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika miaka ya mwisho ya 1920, Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kitumike zaidi katika shule na serikali ya Uganda. Kabaka Daudi Chwa alipinga, na wamisheni wengi walipinga pia; Waganda waliogopa kwamba lugha yao ingesukumwa kando, na nchi yao kuunganishwa na Kenya ya masetla. Kiswahili kikabaki kuwa lugha ya jeshi na polisi. Idi Amin, aliyelelewa katika jeshi hilo la kikoloni, alitwaa serikali mwaka 1971, na mwaka 1973 Kiswahili kikatangazwa kuwa lugha ya taifa. Alipoondolewa mwaka 1979, walioingia Kampala pamoja na watu wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikuwa askari wa Tanzania, nao walisema Kiswahili vile vile. Basi wako wazee Kampala ambao Kiswahili walikisikia kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mgeni asimamapo mbele ya mzee kama huyo na kuanza kwa amri, “Leta hiki, bei gani hiki,” yeye adhani anauliza nyanya. Mzee asikia kitu kingine.

Mambo kama haya hayakutokea kwetu peke yetu. Estonia ni nchi ndogo ya Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, yenye watu wapatao milioni 1.3. Ilipata uhuru mwaka 1918, ikaupoteza mwaka 1940, ikaurudisha mwaka 1991. Katika miaka ya utawala wa Kisovieti walikuja Warusi wengi kukaa na kufanya kazi, na wengi wao hawakujifunza Kiestonia, kwa kuwa lugha yao ilikuwa kubwa na ilieleweka kila ofisi. Mwaka 1989, kabla hata uhuru haujarudi, Waestonia walikifanya Kiestonia kuwa lugha rasmi ya nchi. Ikiwa mmoja wenu siku moja atakwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Tartu, kilichoanzishwa mwaka 1632, na ajue kwamba salamu yao ni “Tere,” salamu ya asubuhi ni “Tere hommikust,” na asante ni “Aitäh.” Kirusi kitamwezesha kueleweka na watu wengi huko, lakini “Tere” itampa zaidi ya kueleweka.

Najua watakuwapo wa kunipinga. Wa kwanza atasema, “Kiingereza chatosha Kampala.” Kweli, chatosha ofisini na darasani. Lakini katika soko la Kalerwe wako akina mama wengi wasiokisema, na hata wakisemao hawakuachia Kiingereza kazi ya kuulizana hali. Wa pili atasema, “Kampala ina makabila mengi, kwa nini Kiganda tu?” Ni kweli, na Kalerwe pia wako watu wa kila upande wa Uganda. Lakini wao wenyewe wakikutana sokoni hutumia Kiganda, na sensa ya 2014 ilihesabu Waganda zaidi ya milioni 5. Hapo tukumbuke jambo moja: sisi wa Kenya na Tanzania tumezoea kumwita kila mtu wa Uganda Mganda. Mwacholi au Mnyankole si Mganda, naye hapendi kuitwa hivyo. Ukifahamu kabila la mwenzako, mwulize salamu ya kwao, naye atakufundisha kwa furaha.

Wa tatu atasema, “Tutachekwa.” Naam, mtachekwa, na kicheko hicho si cha dharau. Huku Kalerwe mgeni akisalimu vibaya, watu humcheka, humsahihisha, kisha humpa kigoda aketi. Asiyesalimu kabisa hachekwi, wala hapewi kigoda.

Wa nne, na ndiye mpinzani mkubwa, atasema, “Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki nzima. Uganda yenyewe imekikubali. Wao ndio wajifunze yetu.” Huyu ana hoja. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mimi nafurahi kwa hayo, na kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, nashangilia kama ninyi. Lakini sheria yaweza kuingiza lugha darasani, haiwezi kuiingiza sokoni wala jikoni. Huko hupelekwa na watu, na mwenyeji huipima lugha kwa tabia ya yule aliyekuja nayo. Nimewaona watu wa Kalerwe ambao, baada ya kusalimiwa kwa Kiganda, waliuliza wenyewe kwa Kiswahili, “Habari ya kwenu?” Walikuwa wanakijua siku zote. Walikuwa wanangoja kuona tumekuja kwa namna gani.

Basi natoa shauri. Chama cha Kiswahili cha shule yetu kitenge Jumamosi moja katika kila muhula ili mwanafunzi mmoja awafundishe wenzake salamu za kwao: mara hii Kiganda, mara nyingine Kijaluo, Kihaya, au Kinyarwanda. Ninyi mliokwisha toka shuleni, mlioko Mwanza, Kigali, Bukavu na hata Maskati, andikeni salamu za huko, pamoja na saa za kuzitumia na namna ya kuzijibu, mzitume kwa mhariri. Mwanafunzi atakayesafiri apewe karatasi hiyo pamoja na nauli yake.

Mimi nimeanza kwa kutuma za Kalerwe. Atakayekuja likizo ijayo aniletee dagaa, na akifika mlangoni asiseme, “Hodi,” peke yake. Mama mwenye nyumba yetu ni mtu mzima, na huketi barazani toka asubuhi akimenya ndizi. Aanze naye: “Mwasuze mutya, nnyabo.” Kisha angoje ajibiwe.