Mtoto wa Mfugaji na Dawati Lake

Kule Mzinga, chini ya Milima ya Uluguru, mtu hayuko mbali na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chuo hicho kimepewa jina la mtoto wa wafugaji wa Monduli aliyefikia Uwaziri Mkuu, na ambaye alifariki katika ajali mkoani humo humo Aprili 12, 1984. Hata hivyo, wako watoto wa wafugaji mkoani Morogoro ambao masomo yao hukatika kiangazi kikiingia na mifugo ikifuata maji.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne Januari 2016. Tunaipongeza Serikali. Lakini ada haikuwa kikwazo peke yake. Shule yadai mtoto atulie. Ng'ombe wadai ahame. Akiachwa nyuma, atalala wapi? Na ukija ukame kama ule wa 2009, uliofyeka mifugo Longido na Monduli, kijana hubaki hana zizi wala cheti. Baadhi yao tunawaona hapa Unguja, wakilinda milango ya mahoteli.

Wala tusiwacheke. Mvuvi wetu aendaye dago na wanawe huacha nyuma madawati matupu vile vile.

Tunawaomba wakuu wa elimu wajenge mabweni ya shule za msingi karibu na visima vya kudumu, na likizo ndefu ipangwe kwa kufuata mvua. Jambo hili liingizwe katika bajeti ijayo.