Akiba ya Kazi ya Leo

Mkulima mwangalifu wa Kitui au Makueni hali mbegu zake zote. Mvua za huko zina misimu miwili, ule wa Machi na ule wa Oktoba, nazo huweza kukosa yote miwili. Njaa ya mwaka 1961 Wakamba waliiita Yua ya Ndeke, kwa ajili ya ndege zilizoleta chakula. Basi mbegu hutengwa na chakula.

Iweje mtoto wa mkulima huyo aweke maandishi yake yote katika kompyuta moja? Radi ya Novemba, mwizi wa usiku au kidole kilichokosea huweza kufuta kazi ya muhula mzima.

Mvivu husema, "Nitanakili kesho." Kesho yake haina tarehe. Mwingine husema kuwa kunakili kila kitu kila siku ni kupoteza wakati. Kweli, lakini nani aliyemtaka anakili kila kitu? Nakili vyote mara moja. Kisha, kila jioni, nakili vilivyobadilika tu. Kompyuta huweka kumbukumbu ya saa ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, ulioanza Marekani mwaka 1969, amri iitwayo find huzisoma saa hizo. Andika hati fupi ya amri: tafuta mafaili yaliyobadilika tangu nakala iliyopita, yanakili katika diski nyingine, ndani ya folda yenye tarehe ya leo, yakifika salama, weka alama ya saa ambayo kazi hiyo ilianza. Programu ya cron itaiendesha hati hiyo kila jioni pasipo kukumbushwa.

Usiridhike na amri ya kutafuta mafaili ya siku moja tu. Umeme ukikatika jioni mbili, kazi ya siku hizo itaachwa nje, nawe hutajua. Alama haisahau.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli juu ya mali, lakini akiba ya diski huoza kimyakimya. Kwa hiyo diski isilale chumba kimoja na kompyuta, na kila mwezi fungua nakala kadhaa uzisome. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni tumaini tu, na tumaini halipandwi shambani.