Watoto Wetu si Wapambe: Risala ya Wazazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri



Ndugu Mkurugenzi, umeona mwenyewe kwamba leo hukupokewa na mstari wa watoto kando ya barabara, wala hapakuwa na ngoma getini. Tusieleweke vibaya. Tulimwomba Mwalimu Mkuu awaache darasani naye akakubali, kwa hiyo wakati risala hii inasomwa darasa la sita wako kwenye Hisabati, na la tatu wanasoma kwa sauti. Ukinyamaza kidogo utawasikia. Umekuja kuzindua vyumba viwili vya madarasa, na kwa hilo tunashukuru. Tumeona hii ndiyo nafasi ya kukueleza jambo lililotukaa rohoni tangu mwaka 2025.

Kwanza tujitambulishe, maana siku hizi kila kundi linaloshika karatasi huulizwa limetumwa na nani. Sisi hatuna jumuiya ya chama nyuma yetu. Ni wazazi na walezi wa wanafunzi wa shule hii. Miongoni mwetu wamo wenye kadi za chama tawala, wamo wa upinzani, na wengi zaidi hawana kadi yoyote ila ile ya NIDA. Mmoja wa walioandika risala hii ni balozi wa shina. Hatutakitaja chama wala mgombea, kwa sababu kosa tutakalolieleza lingekuwa lile lile likifanywa na mwingine, na kwa jinsi tulivyoona, kila atakayepata mwanya atalifanya.

Kampeni za uchaguzi mkuu zilifunguliwa tarehe 28 Agosti 2025. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulipangwa tarehe 10 na 11 Septemba. Wiki moja kabla ya mtihani, saa mbili na nusu asubuhi, kengele ililia katikati ya kipindi. Madarasa yote yalitolewa nje, hata la saba, yakapangwa barabarani kwa sababu msafara wa mgombea ungepita. Ulipita saa nane na dakika kumi. Magari yalikuwa yamefunga vioo, na hayakusimama.

Siku hiyo uji haukupikwa, kwani wapishi nao waliambiwa wasogee barabarani kuongeza idadi. Mtoto wa darasa la tatu alianguka. Dada yake wa darasa la saba ndiye aliyembeba hadi kwenye meza ya muuza machungwa, akapewa maji na kivuli. Mama yao alipata habari jioni, tena kwa mtoto wa jirani. Alipokuja shuleni kesho yake kuuliza, kila mwalimu alimwonyesha mwenzake kwa macho.

Tumekuletea kitu, Ndugu Mkurugenzi, tunaomba ukishike. Ni daftari la Maarifa ya Jamii la mwanafunzi wa darasa la tano. Mwenye daftari tumefunika jina lake. Ukurasa huu una ramani ya Tanzania aliyoichora kwa mkono, maziwa yamepakwa rangi ya bluu, na mwalimu ameweka vema tatu. Geuza. Kurasa mbili zinazofuata ni beti za wimbo wa kumsifu mgombea, zimenukuliwa kutoka ubaoni, na penseli nyekundu ya mwalimu imesahihisha tahajia ya jina la mgombea huyo. Zina tarehe juu, kama somo lolote lingine. Wimbo ule ulifanyiwa mazoezi siku nne mfululizo katika kipindi cha nne na cha tano. Kipindi ni dakika 40. Kalenda ya masomo inatupa siku 194 kwa mwaka, na mtoto wa kijijini asiye na tuisheni wala vitabu nyumbani hana nyingine za akiba.

Hatukasiriki kwa sababu ya wimbo peke yake. Baada ya wimbo ukaja ujumbe wa mdomo: kila mtoto aje na namba ya kadi ya mpiga kura ya baba na ya mama. Wengine walileta, kwa kuwa mtoto akitumwa na mwalimu huogopa kurudi mikono mitupu. Wasioleta waliambiwa wasimame. Hadi leo hakuna aliyetueleza orodha ile ilikwenda wapi. Katika darasa moja yumo mtoto ambaye mama yake aligombea udiwani kupitia upinzani. Wenzake walianza kumwita msaliti, na mwalimu aliyekuwa mbele yao akacheka. Mtoto yule alikaa nyumbani wiki nzima akisema tumbo linamuuma.

Ili tusionekane tunaegemea upande, tuseme pia kwamba yupo mwalimu kijana, wa mrengo wa pili, aliyetumia kipindi cha Uraia na Maadili kuwaambia darasa la sita kwamba wazazi wao ni wajinga kwa kuichagua Serikali iliyopo. Naye amekosea vile vile. Tofauti ni kwamba yeye aliitwa kujieleza ndani ya siku mbili.

Yaliyotokea nchini tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, na siku zilizofuata yana wazungumzaji wake, na si kazi ya risala hii. Ila intaneti ilipozimwa, wengi wetu tulikaa gizani tukijiuliza zile video za watoto wetu wakipunga bendera za chama, zilizorekodiwa na vijana wa hamasa bila kumwuliza mtu, zimo kwenye simu za nani.

Sasa kuhusu hivi vyumba. Ukuta wa kile cha kushoto umeandikwa jina la kiongozi kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Ndani, madawati yameandikwa kwa rangi ya bluu, "Kwa hisani ya Mheshimiwa", na jina likafuata. Tuliuliza hisani hiyo ilitoka mfuko gani, tukaambiwa ni Mfuko wa Jimbo. Mfuko wa Jimbo ni fedha za Bajeti ya Serikali. Ni kodi ya sukari na ya mafuta ya taa tunayonunua pale dukani, na kwa hiyo aliyekaa kwenye dawati lile amekaa kwenye fedha ya bibi yake.

Tunakumbuka vyumba vya madarasa 15,000 vilivyojengwa nchi nzima kwa fedha za UVIKO-19, kutokana na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021. Lilikuwa jambo kubwa na lilitusaidia. Shule nyingi ziliacha kufundishia chini ya miti. Lakini mkopo hulipwa. Watakaoulipa ni hawa wa darasa la tatu watakapoanza kukatwa kodi, na ndio hao hao wanaopangwa mstari washukuru kama waliopewa zawadi. Mtu hashukuru deni lake mwenyewe kwa nyimbo, Ndugu Mkurugenzi. Mwambieni ukweli mtoto: hiki ni chumba chako, kimegharimu kiasi hiki, kitunze.

Wapo watakaosema tunataka kuigeuza shule kuwa mahali pasipozungumzwa siasa. Hapana. Wengi wetu tulisoma somo lililoitwa Siasa. Chama kilikuwa kimoja, kimeshika hatamu, na aliyeimba wimbo wa chama aliimba wimbo wa nchi. Hatuoni aibu, ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na ulikuwa umeandikwa. Mwaka 1992 nchi ikaingia mfumo wa vyama vingi, somo la Siasa likatoka, Uraia ukaingia. Mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Vyama vya Siasa, inayokataza vyama kuweka ofisi na matawi mahali pa kazi na shuleni. Katiba yetu, ibara ya 20, inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama. Mtoto wa miaka tisa hajiungi na chama, ni kweli, wala hapigi kura mpaka afikishe 18. Lakini anapovalishwa kofia ya chama kwa amri ya mwalimu, kinachofanyika hapo tukiiteje?

Tunataka wafundishwe siasa sawasawa. Wajue Bunge hufanya nini na diwani hulipwa na nani. Wajue kwamba vyama ni vingi na kila kimoja kina haki ya kuomba kura kwa watu wazima. Wabishane darasani kwa hoja. Mwalimu aliye hodari hufundisha haya yote na mtoto akatoka darasani hajui mwalimu wake anampigia nani.

Tukija kwa walimu, tunaomba usiondoke hapa ukaanze kuwahoji. Tumekaa nao, baadhi ni wapangaji wetu, tunajua wanavyobanwa. Mwalimu Mkuu huteuliwa na kuvuliwa cheo na ofisi yako. Ofisi yako nayo ni ya uteuzi wa Rais. Katikati yupo Afisa Elimu Kata mwenye pikipiki na simu, na simu ndiyo yenye matatizo. Hakuna hata agizo moja kati ya haya tuliyoyataja lililokuja kwa barua. Yote yalikuja kwa simu au kwenye kundi la WhatsApp: "Watoto watoke", "Watoto waimbe", "Leta idadi." Mambo yakiharibika, agizo halina mwenyewe na aliyetekeleza ndiye anayebaki na mzigo. Ruhusa ya safari ya mwanafunzi kwenda hospitali huandikwa, lakini amri ya kusimamisha shule nzima juani saa sita haina hata kipande cha karatasi.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, ambalo likitekelezwa mengine yatakuwa mepesi, ni barua. Utoe waraka kwa shule zote za halmashauri yako, wenye saini na muhuri wako, unaosema kwamba hakuna mwanafunzi atakayetolewa darasani kwa ajili ya mkutano, mapokezi, mazoezi au msafara wa chama chochote au mgombea yeyote, na kwamba agizo lolote la namna hiyo lisilo la maandishi Mwalimu Mkuu asilitekeleze na asiadhibiwe kwa kutolitekeleza. Waraka huo ubandikwe ubaoni ofisini kwake. Siku simu ikilia, awe na kitu cha kuelekezea kidole. Hatuzuii ziara za viongozi wa Serikali wanaokuja kikazi, wala Mwenge wa Uhuru, ambao ratiba yake hujulikana mapema. Hata hizo tunaomba zipitie Kamati ya Shule, muda wa watoto kusimama uandikwe, na maji yawepo.

Pili, ile orodha ya namba za kadi zetu irudishwe au iteketezwe mbele ya Kamati ya Shule, na tuambiwe nani aliiomba. Katika hili hatutalegeza.

Majina ya wanasiasa yafutwe kwenye kuta na madawati. Rangi tutanunua sisi, na mafundi tunao. Mahali pake paandikwe mwaka, chanzo cha fedha na gharama. Video za watoto zilizotumika kwenye kampeni ziondolewe, na kuanzia sasa asirekodiwe mtoto bila ridhaa ya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na hatudhani maslahi hayo yamo kwenye tangazo la mgombea. Kuhusu mwalimu aliyecheka na yule aliyewatukana wazazi, tunataka wote wawili wapimwe kwa kipimo kimoja. Ikibidi wafike Tume ya Utumishi wa Walimu wafike wote, na ikiwa onyo linatosha, wapewe wote.

Yule mtoto aliyekaa nyumbani wiki nzima amerudi shuleni. Mama yake hakushinda udiwani, na ameomba tusilifanye jambo lake kubwa. Tumeona tulitaje tu, ili Afisa Elimu Msingi amtafute mshauri wa wanafunzi akae naye, kimya kimya, bila kamera.

Ndugu Mkurugenzi, tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, yasomwe kwenye mkutano wa wazazi. Yasipofika, tutaipeleka risala hii kwa Afisa Elimu Mkoa na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na tutakuwa tumekuarifu mapema ili isiwe umeisikia kwa watu. Tumetoa nakala mbili zenye saini za wazazi. Moja ni yako. Ya pili tunaomba igongwe muhuri wa kupokelewa sasa hivi, kabla hujakata utepe, kwa kuwa Katibu Muhtasi wako ametuambia muhuri umo kwenye gari.