Bolti ni ya kushika, si ya kuvuta

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo niliionja mwenyewe kiangazi kimoja, katika shamba la jamaa yangu kando ya Mto Athi, upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni.

Msomaji anayezifahamu Kitui na Makueni hahitaji kuelezwa thamani ya maji. Mito kama Tiva na Thua hufurika wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu, na watu huufukua ili kuyafikia maji yaliyojificha chini. Walio kandokando ya Athi wana afueni, kwani wanaweza kuyavuta maji kwa pampu ya dizeli. Hata hivyo, pampu ikikwama, nyanya hazingoji.

Pampu ya kwanza ya jamaa yangu ilifungwa kwa nguvu, beringi zikasagika kabla ya mwezi kwisha. Siku hiyo tulikuwa tukifunga ya pili. Shafti ya injini ilikuwa na meno, nayo pampu ilikuwa na tundu lenye mifuo ya kuyapokea. Tulisukuma, tukatikisa, ikakataa katakata. Lilibaki pengo la upana wa kidole. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu, nikatoa rai kwamba tuzikaze bolti nne za pembeni ili ziivute mpaka iingie. Fundi, kijana aliyejifunzia kazi chini ya mti sokoni, alinitazama kwa adabu akasema, "Mwalimu, bolti ni ya kushika, si ya kuvuta."

Akalegeza kila kitu. Alifuta mchanga na kutu kwenye meno, akapaka grisi, akatia kipande chembamba cha bati chini ya mguu mmoja wa pampu ili shafti na tundu vikae katika mstari mmoja. Kisha akaizungusha shafti polepole kwa mkono mmoja huku akisukuma kwa mwingine. Meno yakapata nafasi zake, pampu ikaingia bila kelele. Hapo ndipo alipozikaza bolti, kidogo kidogo, kwa kupishanisha pembe. Mafundi wa Pwani wanaofunga mitambo ya kusukumia kwenye tezi za mashua za injini wanaijua kanuni iyo hiyo: shafti isiponyooka, nguvu za injini huiharibu injini yenyewe.

Lililonitahayarisha ni hili. Kitabu cha maelezo kilikuwamo sandukuni, kwa Kiingereza, na onyo dhidi ya rai yangu lilikuwa limeandikwa humo. Nilikuwa nimelisoma. Mpwa wangu wa kidato cha nne naye alilisoma kwa matamshi safi kabisa. Hatukulielewa sote wawili, kwa kuwa hatukukijua kitu kilichotajwa. Fundi alikijua kitu, ila kitabu hakikuwa katika lugha yake. Maarifa yote yaliyohitajika yalikuwa pale shambani, lakini yalikuwa yamegawanyika, na pampu ya kwanza ilikwisha kulipa gharama ya mgawanyiko huo.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mitambo. Dai hilo halina mashiko. Mabaharia walikuwa na tezi, omo, mkuku na foromali kabla injini haijafika kwetu. Walipokutana na Wareno, waliokota parafujo na bomba. Bomba hilo asili yake ni pampu; leo fundi wa Kibwezi hulitumia kwa neli ya maji, na pampu huiita pampu, wala hapotei. Nati, spana, grisi na beringi zimekwisha kuingia katika ngeli na kutii upatanisho wa kisarufi kama maneno mengine. Msamiati tunao. Tunachokosa ni maandishi yanayoutumia.

Nakiri kwamba usemi wa gereji haufanani kote, na kwamba Kikamba na Kiingereza huchanganyika humo. Hiyo ni sababu ya kuuandika na kuusawazisha, si ya kuupuuza. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo utakuwa na faida gani kwa mkulima ikiwa unakoma kwenye hotuba na tenzi?

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wenzangu. Siku moja katika muhula, badala ya kuwapa wanafunzi kichwa cha insha kuhusu faida za elimu, watumeni kwa fundi wa pampu, wa baiskeli au wa cherehani. Waiangalie kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, waulize kila kifaa kinaitwaje, kisha waandike hatua zake kwa utaratibu. Mwalimu atasahihisha sarufi, na fundi asomewe insha hiyo ili aseme kama kazi inaweza kufanyika kwa kuifuata.

Mpwa wangu aliandika yake jioni hiyo, kurasa mbili. Fundi alimsahihisha mahali pawili. Karatasi hizo sasa zimo sandukuni, pamoja na kitabu cha Kiingereza.