GARI JIPYA LINAPOKOHOA KWAMKORO

Wiki hii tunaweka pembeni habari za nani kamwacha nani, tunaingia chini ya boneti. Najua wengine mmeshaanza kununa: "Sisi hata baiskeli hatuna, huyu anatuletea mambo ya magari!" Tulia basi. Una mjomba, una shemeji, una bosi, mmojawapo ana gari na kuna siku litamtoa jasho mbele yako. Na siku mambo yakikunyookea wewe mwenyewe, utanikumbuka.

Kwanza tuelewane. Hapa Bongo wengi wetu tumezoea gari la mtumba kutoka Japani. Linashuka bandarini Dar likiwa limeshakula miaka kumi na mtu mwingine, likigoma wa kumlaumu hayupo. Unakwenda gereji bubu, fundi anafungua, anafunga, boliti tatu zinabaki mkononi, gari linawaka, maisha yanaendelea. Lakini gari jipya la dukani, lile ambalo viti bado vina nailoni, huo ni ugomvi wa aina nyingine kabisa. Lile lina mwenyewe. Aliyeliuza bado unamdai, na deni lake limeandikwa kwenye kijitabu ambacho watu wanakitupa kwenye droo ya dashibodi na kukifunikia risiti za mafuta.

Sasa tupande mlimani. Watu wakisikia Usambara wanadhani kila kitu ni Lushoto. Hapana bwana! Lushoto iko Usambara Magharibi, unaingilia Mombo. Kwamkoro iko Usambara Mashariki, upande wa Muheza, jirani na Amani, kule kwenye mashamba ya chai na msitu ambao mwaka 1997 uliingizwa kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Ukitoka Muheza unakwenda mpaka Sigi, mahali ambapo Wajerumani walifikisha kareli kao kadogo ka kubebea magogo kutoka Tengeni. Nadhani walipofika hapo waliuangalia mlima wakasema basi, inatosha. Maana kuanzia Sigi ndipo mchezo unapoanza: kutoka kama mita 450 unapanda mpaka mita 900 hivi, kona juu ya kona, udongo mwekundu, na mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Masika ikikolea, barabara inakuwa kama imepakwa sabuni.

Huko ndiko binamu yangu alikoipeleka pikapu yake mpya, dabo kebini, fo-wili, dizeli, ina turbo. Jina la kampuni nalificha na la wakala nalificha, sitaki barua za mawakili. Hela hakuokota. Alichukua mkopo benki, akaongezea na kiinua mgongo cha mzee wao aliyestaafu kwenye chai. Mpango ulikuwa abebe watalii wanaokuja kuangalia ndege na yale maua ya Saintpaulia ambayo wenzetu Ulaya wanayafuga kwenye vyungu madirishani, kumbe asili yake ni huku huku kwetu. Siku zisizo na wageni, abebe mizigo. Na usiku, ndiyo kawaida ya kijijini, mgonjwa akizidiwa mlango unaogongwa ni wa mwenye gari, amshushe Teule, Muheza.

Gari lilikuwa na kilomita 1,800 lilipoanza vituko. Uongo dhambi, kwenye tambarare lilikuwa linateleza. Muheza kwenda Tanga, raha mustarehe. Likishafika Sigi na mzigo mgongoni, likapanda dakika kumi na tano, ghafla pumzi inakata! Unakanyaga mafuta, injini inaguna tu. Moshi mweusi nyuma, taa ya njano yenye picha ya injini inawaka kwenye dashibodi, mwendo wa kobe. Unazima, unapumzika kidogo, unawasha, linaondoka kama halijafanya kitu. Kona nne, tano, linarudia.

Siku moja likamkatalia akiwa na wageni wawili, giza linaingia, ukungu umeshuka, mbega wanawachungulia kutoka mitini. Wageni hawakugomba, walilipa nusu na kesho yake wakatafuta usafiri mwingine. Kijijini habari zikatembea. Vijana wa bodaboda wakampa jina, "Mzee wa Kupumzika". Mkewe akawa hasemi kitu, na mke akinyamaza namna ile ni afadhali angesema. Benki nayo haijali gari limepanda au halijapanda. Ikifika mwisho wa mwezi, rejesho lake mezani.

Hapo ndipo akajitokeza fundi wa pale chini ya mti. Fundi mzuri tu, sina ugomvi naye, Land Rover za zamani anazifungua macho yamefumbwa. Akainama, akachungulia, akasema, "Kaka, hiyo taa ni waya tu. Nikate hapa, nitoe na hiki kidude, itapanda yenyewe. Nipe elfu thelathini."

Wengi tunazikwa hapo! Ile taa si ugonjwa, ni mlinzi anayepiga filimbi. Kompyuta ya gari ikiona kipimo fulani hakilingani, inaibana injini makusudi, ukose nguvu lakini usiiue. Ukikata waya umemziba mlinzi mdomo, mwizi bado yumo ndani. Halafu kuna lile kubwa zaidi. Waranti za magari mapya mara nyingi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia. Wakala akikuta waya umekatwa ameshapata pa kutokea: "Gari limechezewa." Kwa elfu thelathini unakuwa umenunua injini nzima iwe mzigo wako.

Binamu akamshukuru fundi, akashika njia ya Dar, Segera, Chalinze, kilomita 300 na ushee. Unajua walichofanya? Wakaliosha gari likang'aa. Wakachomeka kompyuta, wakafuta ile taa, kijana mmoja akalizungusha mitaa miwili mitatu, akarudi ameshika ufunguo: "Mbona iko freshi, braza?" Kwenye karatasi ya kazi wakaandika maneno matatu: hakuna hitilafu iliyoonekana.

Alipofika Sigi, pumzi ikakata.

Safari ya pili wakaja na wimbo wa mafuta. "Huko kwenu mnaweka mafuta yaliyochakachuliwa." Tusiwaonee, neno hilo halikutoka hewani. Kulikuwa na enzi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, wajanja wakawa wanachanganya, mpaka mwaka 2010 EWURA ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili mchezo usilipe. Tena dizeli yenye maji au uchafu kweli inaziba filta, na kwenye injini za kisasa inaweza kuua nozeli kwa bei ambayo sitaki hata kuitaja. Lakini binamu alikuwa na risiti zote za kituo kimoja cha Muheza, na akawaambia, filta ifunguliwe mbele yangu. Ikafunguliwa. Maji hakuna, uchafu hakuna. Akaomba na hilo liandikwe kwenye karatasi, tarehe na sahihi. Meneja hakupenda, lakini aliandika.

Safari ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike safu hii. Mara zote mbili akiulizwa shida nini, alikuwa anajibu, "Gari haina nguvu." Hilo ni kama kwenda hospitali ukamwambia daktari, "Naumwa." Safari hii akaenda na daftari. Kila lilipogoma aliandika: tarehe, kilomita, mahali, gia ya ngapi, watu wangapi na mzigo gani, mvua au jua, mshale wa joto uko wapi, limepanda dakika ngapi kabla ya kukata. Mara tisa. Zote tisa kwenye mpando, zote na mzigo, gia ya pili au ya tatu, mguu umekandamiza. Tambarare hata moja.

Pale gereji akampokea dada mmoja, msichana wa rika letu, mhitimu wa VETA, ovaroli safi, kalamu ya kupimia umeme mfukoni. Akasoma daftari lote, hakucheka. Akasema, "Kaka, hili gari tumekuwa tunalipima likiwa limelala. Twende nalo na mzigo."

Wakapakia viroba vya mchanga. Dar haina milima, lakini kuna Pugu, ukipanda kuelekea Kisarawe gari linajua kwamba linapanda. Dada akachomeka kompyuta, akaipakata, binamu akaendesha. Gia ya tatu, mguu chini. Namba ya msukumo wa hewa ikawa inapanda, inapanda, mara pap! ikaanguka. Moshi mweusi nyuma, taa ikawaka. Dada akapiga kofi la furaha. Binamu anasema ilikuwa mara ya kwanza kufurahia gari lake kuharibika.

Turbo, kwa lugha yetu, ni feni inayoishindilia injini hewa. Ukitembea tambarare inatumika kidogo tu. Ukipanda na mzigo inafanya kazi yote. Sasa kuna bomba la mpira linalopeleka hewa hiyo kwenye injini, na klipu yake moja haikukazwa sawasawa tangu gari linaundwa. Msukumo ukiwa mdogo, mpira unakaa kimya kama mzima. Ukiwa mkubwa, ukingo unainuka, hewa inatoroka, injini inapata mafuta bila hewa ya kutosha, ndiyo ule moshi mweusi. Ukizima, mpira unarudi mahali pake. Ndiyo maana kila aliyefungua boneti gari likiwa limesimama hakuona kitu! Bomba jipya, klipu mpya, kazi haikufika saa nzima, malipo sifuri. Wakarudi Pugu na viroba vyao, gari likapanda kimya.

Zile hela za mafuta na gesti kwa safari mbili za bure hakuna aliyejitolea kuzirudisha. Akaandika barua ya kistaarabu, akaambatanisha nakala za karatasi zote tatu za kazi. Baada ya wiki tatu wakamjibu, wakampa sevisi mbili bila malipo. Si haba.

Ila dada hakumwacha hivi hivi, naye alikuwa na madai yake. Binamu alilalamika kwamba gari likikata kona kali kwenye lami linakwama-kwama na kugonga chini. Kumbe anashuka mlima na fo-wili imeingia, anafika lami Muheza hajaitoa! Kwenye tope tairi zinateleza, mfumo unajipumzisha. Kwenye lami kavu tairi hazitelezi, na kwenye kona za mbele na za nyuma haziendi umbali sawa, basi vyuma vinajisokota. Hiyo hakuna waranti inayokulipia. Harufu ya breki kutoka kwa Amani mpaka Sigi nayo ni hivyo hivyo: shuka na gia ndogo, injini ikushike, usikalie breki njia nzima. Na ukivuka maji yakafika kwenye ekseli, mwambie fundi aangalie oili ya difu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Halafu soma ule ukurasa wa kijitabu unaohusu mazingira magumu, vumbi, tope, milima. Kwa mtu wa Kwamkoro, kilomita za sevisi ni zile za ukurasa huo. Zile zilizochapwa kwa herufi kubwa mbele ni za watu wa lami.

Usidhani haya ni ya Bongo peke yetu. Kule Australia, wenye Hilux, Prado na Fortuner za dizeli walirudi kwa mawakala tena na tena kwa sababu ya chujio la moshi lililokuwa linaziba. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ikasema magari zaidi ya 260,000 yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 yalikuwa na kasoro. Kampuni kubwa kama Toyota! Na kesi ile haikwenda kwa hasira, ilikwenda kwa karatasi.

Kwetu pia sheria ipo. Ya Uuzaji wa Bidhaa ni ya zamani sana, na ile ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, yenye kazi ya kumlinda mlaji. Kwa hiyo siku ya kununua usimwambie muuzaji "nataka gari zuri". Mwambie, tena kwa maandishi, kwamba litapanda Sigi na watu watano na mizigo. Akikuuzia baada ya hapo, hawezi kuja kukuambia gari halikutengenezwa kwa milima.

Pikapu sasa imepita kilomita 9,000, na mwezi uliopita ilimpandisha mzee mmoja aliyeruhusiwa kutoka Teule bila kupumzika hata kona moja. Binamu ameshapata tamaa mpya, anataka tairi pana zaidi na bampa la chuma la mbele la kuchomelea Muheza. Nimemwambia kabla hajagusa kitu amwandikie wakala aulize waranti inasemaje. Barua imeondoka Jumanne. Jibu likija, mtalisoma hapa hapa.