Mashujaa wa Cabo Delgado nao waonekane kwenye sinema

Machi 24, 2021 wapiganaji wenye silaha waliuvamia mji wa Palma, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Watu zaidi ya 200 walijificha katika hoteli ya Amarula wakisubiri helikopta za kuwaokoa. Mei mwaka huo shirika la Amnesty International, likiwanukuu walionusurika, lilitoa taarifa kwamba wakandarasi Wazungu walitangulizwa kwenye helikopta huku wenyeji weusi wakiachwa nyuma. Kampuni binafsi ya ulinzi iliyorusha helikopta hizo ilikanusha, ikasema rangi ya mtu haikuwa kigezo.

Mabishano hayo ni ya wanasheria na wachunguzi. Hata hivyo, taswira iliyobaki vichwani mwa watu haikuwa ngeni. Ndiyo hiyo hiyo ambayo sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu zimeirudia kwa miongo kadhaa. Shujaa anashuka kutoka angani, ni Mzungu, na anajua nani wa kumwokoa kwanza. Mwafrika akitokea, basi ni mtu anayekimbia, anayelia au anayeshika bunduki upande wa maadui.

Wapo watakaosema sinema ni burudani tu na haina uhusiano wowote na vita ya Palma. Hoja hiyo ni nyepesi. Mtoto hujifunza kwa kuangalia. Akiona mara mia kwamba mwokoaji hafanani na baba yake wala mjomba wake, hakuna anayehitaji kumwambia kwa maneno kwamba watu wa kwao ni wa kuokolewa. Ameshaelewa.

Ni haki kukiri kwamba mambo yamebadilika. Mwaka 1998 Wesley Snipes aliigiza Blade, shujaa mweusi. Miaka 20 baadaye, Februari 2018, ilitoka Black Panther, sinema yenye waigizaji wengi weusi, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni moja na kupata tuzo tatu za Oscar. Wengi Afrika Mashariki walijivunia kumwona Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, wakiwa miongoni mwa wanawake wanaoilinda Wakanda. Mwaka 2022 msichana Mwislamu, Kamala Khan, aliongoza tamthilia ya Ms. Marvel. Hayo si madogo, hasa kwa pwani ambako watu wengi ni Waislamu na wamezoea kuona kanzu na kofia vikivalishwa wahalifu wa sinema.

Lakini kubadilisha rangi ya sura pekee hakutoshi. Mfano mzuri ni Iron Man ya mwaka 2008. Tajiri wa Kimarekani anatekwa Afghanistan, na anayemsaidia kutoroka ni msomi wa huko huko aitwaye Yinsen. Yinsen anakufa ili tajiri apone. Tajiri anarudi kwao kuwa shujaa na kupata sinema nyingine kadhaa, Yinsen anabaki kumbukumbu. Alionekana, tena alionekana kwa heshima, ila hadithi haikuwa yake.

Hata Wakanda, nchi ya kubuni inayodhaniwa kuwa pande hizi za mashariki, watu wake wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Si kosa, kwa sababu Kixhosa ni lugha ya Kiafrika yenye hadhi yake. Ila mtoto wa Palma anayezungumza Kimakwe nyumbani, Kimwani au Kiswahili sokoni na Kireno shuleni, anaondoka kwenye sinema hiyo akiwa bado hajasikia neno la kwao kinywani mwa shujaa. Kuwakilishwa ni pamoja na kusikika.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba pwani hiyo haijapungukiwa na mashujaa. Tangu vita ilipoanza Mocímboa da Praia Oktoba 5, 2017, wavuvi na manahodha wamekuwa wakiwabeba majirani zao kwa mashua na majahazi kwenda kusini. Oktoba 2020 zaidi ya watu elfu kumi waliteremka ufukweni Paquitequete, katika mji wa Pemba, makao makuu ya mkoa. Wenyeji wa mtaa huo, wengi wao wakiwa maskini, waliwafungulia milango, wakawagawia chakula na mikeka. Si safari zote zilizofika. Mwishoni mwa mwezi huo chombo kimoja kilichosheheni wakimbizi kilizama baharini karibu na visiwa vya Ibo na Matemo, na makumi ya watu wakafa maji.

Nahodha anayegeuza chombo na kurudi kule anakotoka moshi, akijua upepo ni wa hatari, hana vazi la kung'aa wala nguvu za ajabu. Ana tanga, usukani na moyo. Kama angekuwa mtu wa New York, bila shaka sinema yake ingeshatoka.

Wala haiwezi kusemwa kwamba Cabo Delgado haijui sinema. Mara tu baada ya uhuru wa mwaka 1975, Msumbiji iliunda Taasisi ya Taifa ya Sinema, ikatengeneza filamu za habari zilizoitwa Kuxa Kanema na kuzipeleka vijijini kwa magari maalumu. Mwaka 1979 Ruy Guerra alitoa filamu kuhusu mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, pale utawala wa Kireno ulipowafyatulia risasi watu waliokuwa wakidai haki zao. Alichokifanya ni kuwarekodi wananchi wenyewe wa Mueda wakiigiza tukio hilo kama walivyokuwa wakiliigiza kila mwaka. Hata Wareno katika igizo hilo waliigizwa na wenyeji weusi, kwa vichekesho na kejeli. Maofisa wa kikoloni walipewa sura na sauti na watu wale wale waliotawaliwa nao.

Hata barakoa, ambayo mashujaa wa Marekani hawaachi kuivaa, si kitu kipya. Mchezaji wa mapiko wa Kimakonde hufunika kichwa kwa kinyago na mwili mzima kwa nguo ili asijulikane ni nani, kisha hutoka mbele ya kijiji akiwa si yeye tena. Vinyago hivyo vimewahi kuwachora hata wakoloni, watu wakawacheka. Jamii yenye utamaduni wa aina hiyo haihitaji kuazima shujaa.

Kwamba jambo hili linawezekana, Kenya imeshaonyesha. Filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu msichana mdogo mgonjwa mahututi anayetamani kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinaungana kumtimizia ndoto hiyo. Haikutumia fedha za Hollywood, lakini ilionyeshwa katika tamasha la Berlin na kuwatoa machozi watazamaji wa mataifa mengi. Nguvu ya ajabu katika filamu hiyo ni majirani. Somo hilo lingeeleweka Paquitequete bila kuhitaji mkalimani.

Hapa ndipo suala la mtangamano linapoingia. Mwaka 2021 Rwanda na nchi za SADC zilipeleka askari Cabo Delgado. Wengi waliofuatilia operesheni hiyo walishuhudia askari wa Rwanda wakizungumza na wenyeji kwa Kiswahili, lugha iliyosaidia kujenga imani pale ambapo Kireno au Kiingereza visingefaa kitu. SADC iliifanya lugha hiyo kuwa moja ya lugha zake rasmi mwaka 2019, na UNESCO imeitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani. Kwa miaka mingi nyimbo za bongo fleva zimevuka mto Ruvuma bila pasipoti. Vijana wa mabanda ya video ya Tanzania na Kenya nao walitambua mapema kwamba shujaa wa kigeni hunoga zaidi akitafsiriwa kwa Kiswahili na msimulizi mcheshi. Soko lipo na lugha ipo. Kinachokosekana ni uamuzi.

Uamuzi huo unaweza kuanza na mambo machache. Vituo vya televisheni vya umma vya Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji vikubaliane kutengeneza pamoja filamu fupi za watoto, katika Kiswahili na katika lugha za pwani kama Kimwani, ambayo tayari inasikika kwenye Redio Msumbiji huko Pemba. Tamasha la Filamu la Zanzibar, linalojiita tamasha la nchi za jahazi, litenge nafasi kwa vijana wa Palma, Mocímboa da Praia na Ibo, kwa sababu hakuna pwani inayostahili jina hilo kuliko ile ambayo jahazi limeokoa roho za watu. Na kampuni za gesi zilizowekeza mabilioni ya dola katika rasi ya Afungi, jirani na Palma, zinapotaja miradi ya kijamii, zikumbuke kwamba kijana anahitaji pia kamera na mwalimu wa kumfundisha kuitumia.

Itasemwa kwamba watu waliokosa makazi wanahitaji kwanza unga, dawa na usalama. Ni kweli, na hakuna anayepinga. Lakini waliowashawishi vijana wa pwani hiyo kushika silaha hawakutumia risasi peke yake. Walitumia hadithi. Waliwaambia kwamba hakuna anayewaona, hakuna anayewajali, na kwamba heshima hupatikana porini na bunduki mkononi. Hadithi mbaya haishindwi kwa askari tu. Inahitaji hadithi bora, yenye shujaa ambaye kijana anamfahamu kwa jina na kwa lafudhi.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Pwani ya Cabo Delgado haijaacha yake, ila haijapewa kioo cha kujitazama. Hollywood ikiongeza shujaa mweusi mmoja au wawili, vizuri. Lakini haitakuja kumtafuta nahodha wa Palma. Hiyo ni kazi ya jirani zake.